Mfugo wa Shemeji

Jioni ile nilikuwa nazunguka mitaani kutafuta nyenje.

Nilikuwa nimemwacha mteja dukani kwangu na gauni lenye mkono mmoja, jua linashuka, na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, fundi cherehani ninayejiheshimu, nimeshika karatasi mkononi nauliza watu wapi wanauza wadudu. Wadudu wenyewe si wangu. Ni chakula cha buibui. Na buibui naye si wangu. Ni wa shemeji yangu.

Si wale buibui wa pembe za dari unaowafagia ukasahau. Huyu ni tarantula. Ukimweka juu ya kisahani cha chai, miguu inaning'inia nje. Ana manyoya ya kahawia, anakaa kwenye sanduku la kioo lenye udongo, na anaweza kukaa kutwa nzima asitingishe hata mguu mmoja. Ukimtazama sana unaanza kuhisi kwamba anayetazamwa ni wewe.

Shemeji alikuwa fundi wa meno bandia. Ndivyo alivyoingia kwetu. Alimtengenezea mama meno, akaja nyumbani mara tatu kuyarekebisha yasimuumize ufizi, na mara ya tatu mimi ndiye niliyemwita mdogo wangu aje kumkaribisha maji. Alikuwa mgane, mpole, mikono yake safi, hana makelele. Nilimchagua mimi. Nalisema hili mapema usije ukadhani hasira zangu zote ni za watu wengine.

Sasa mdogo wangu alikuwa kitandani kwa mwezi wa tano. Madaktari walimpima damu, wakampiga picha kifua na tumbo, wakamgeuza huku na huku. Hawakuona kitu. Na bado alikuwa anapungua mbele ya macho yetu, mashavu yameingia ndani, sauti imekuwa ya mtu anayeongea kutoka chumba kingine. Jumapili shemeji akanipigia kwamba anasafiri siku nne, kuna mafunzo ya kazi mji mwingine, nimwangalizie nyumba. Nilipofika ameshaondoka. Alikuwa ameacha karatasi imebandikwa kwenye kioo cha buibui.

Mwandiko mzuri, herufi zimenyooka. Jumanne, jua likizama, nyenje wawili, wawe hai. Asipowala baada ya saa moja, watolewe. Mabaki yaokotwe kwa koleo, yatupwe chooni, yasifunguliwe. Maji yasikauke kwenye kisahani. Asishikwe. Asipulizwe. Akigeuka chali hajafa, anajivua ngozi. Asiguswe, na asibaki nyenje hata mmoja ndani. Sentensi hiyo ya mwisho aliipigia mistari miwili.

Halafu, chini kabisa pembeni, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa tayari mlangoni:

Mgonjwa: supu.

Maneno mawili. Mdudu kapata ukurasa mzima, mke kapata maneno mawili. Nilikaa na hasira hiyo tangu Jumapili hadi Jumanne, nayo ndiyo iliyonisukuma mitaani jioni ile.

Duka nililipata nyuma ya gereji moja. Magunia ya chakula cha kuku, samaki wa rangi kwenye matangi, na mzee mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine imesahaulika kwenye paji la uso. Nikamweleza ninachotaka. Akauliza ni kwa nani. Nilipomtaja fundi wa meno, akaacha kufunga mfuko aliokuwa anaufunga. Akasema fundi huyo alikuwa mteja wake wa kila wiki, lakini hajaja dukani kwa miezi mitano. Alidhani buibui amekufa.

Nikamwambia yuko hai.

"Tumbo lake likoje?" akauliza.

"Limejaa. Kama ndimu."

Mzee akatazama mlangoni, akashusha sauti. Alinieleza kwamba hawa wadudu wana subira, wanaweza kukaa miezi bila kutia kitu mdomoni. Lakini anayefunga hivyo tumbo hunywea, likawa kama zabibu kavu. Tumbo likiwa la ndimu, ujue kuna anachokula. Tena hatafuni, akasema. Anadunga, anatema sumu, kile kilichomo ndani ya mnyama kinageuka supu, naye anafyonza taratibu. Akimaliza anabakiza kibonge kidogo cha vitu vikavu visivyofyonzeka.

Neno supu lilinichoma mahali, sikujua kwa nini.

"Basi anakula, mwanangu," mzee akasema. "Ila hali kwangu."

Akanipa kikopo chenye matundu kwenye mfuniko. Nilitaka nyenje wawili, yeye akatia thelathini. Alisema tu, bila kunitazama, kwamba buibui anapojivua ngozi mwili wote huwa laini, hata zile chonge zake huwa laini kama nta. Wakati huo hata nyenje humtafuna. Kisha akarudi kwenye magunia yake, na sikumsikia tena.

Nyumba ya shemeji ilikuwa kimya nilipoingia. Mdogo wangu alikuwa amelala, au nilidhani hivyo. Nikapita moja kwa moja hadi chumba cha kazi. Rafu zilikuwa zimejaa mataya ya plasta, safu baada ya safu, kila taya na jina la mwenyewe kwa penseli, yote yamefunga meno. Kulikuwa na harufu ya nta na harufu ya udongo uliolowa. Na chini yake harufu nyingine, tamu kidogo, kama ua lililosahauliwa kwenye maji.

Nikafungua mfuniko, nikadondosha nyenje wawili.

Buibui hakushtuka. Nyenje mmoja akatembea hadi mguuni kwake, akapanda mgongoni, akakaa huko kama mtu aliyefika kwake. Yule mwenye miguu minane hakumtaka. Alikuwa anahangaika na jambo jingine, anafuma utando mweupe sakafuni, taratibu, huku na huku, kama anatandika kitanda.

Ndipo nikaviona vibonge. Vilikuwa nyuma ya kisahani cha maji, sita au saba, vimefungwa kwa utando. Nikachukua koleo kama karatasi ilivyoagiza. Karatasi ilisema pia visifunguliwe. Mtu anayeniandikia nisifungue kitu hanijui.

Niliweka kimoja juu ya meza, chini ya taa, nikakipasua kwa pini.

Hakikuwa na ganda la nyenje. Hakikuwa na bawa wala mguu wa mdudu. Kilikuwa na nywele. Nywele ndefu za mtu, zimesokotwa na kukazwa. Cha pili kilikuwa na kipande cha ukucha, rangi ya zambarau bado iko. Cha tatu kilikuwa na uzi.

Uzi wa kijani.

Uzi huo naujua. Niliutia mwenyewe kwenye pindo la gauni la kulalia la mdogo wangu, mshono wa kurudi nyuma mara mbili, maana yeye huwa anapasua pindo kwa vidole vya miguu tangu mtoto. Mshono wangu siwezi kuusahau hata ukitafunwa. Na ulikuwa umetafunwa.

Sijui nilifikaje chumbani. Najua tu niliwasha taa nikavuta shuka. Pindo la gauni lilikuwa limeliwa upande mzima. Nikaugeuza mkono wake wa kushoto. Ndani ya mkono, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, kulikuwa na vitobo. Viwili viwili. Vya zamani vimekauka, vipya bado vyekundu. Jozi baada ya jozi, zimepangwa vizuri kama mshono.

Madaktari walioupima mkono huu walitazama nini? Na mimi niliyekuja na supu mara ngapi, nilitazama nini?

Mdogo wangu alikuwa amefungua macho.

"Leo ni Jumanne?" akaniuliza.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Zima taa, dada. Hapendi taa."

Sikuizima. Nikapanda kitandani, nikamkalisha kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi, nilikuwa kama nimebeba nguo zake tu. Akaniambia kwa kunong'ona, anapumzika kila baada ya maneno machache, na mimi nikayasikiliza yote nimeuma meno.

Alisema miezi mitano iliyopita mumewe alianza kukohoa damu. Ugonjwa huo aliwahi kuugua zamani, wakati wa mke wa kwanza, ukaisha. Mke wa kwanza naye akafa. Jioni moja akaja na yule buibui kiganjani, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia. Akasema mfugo wake umekataa nyenje. Akasema asipokula yeye, anakufa mwenye kumfuga. Mara moja tu, mke wangu. Jumanne moja tu. Mdogo wangu akanyoosha mkono.

"Alilia, dada," akasema. "Sikuwahi kumwona mwanamume analia vile."

Baada ya Jumanne ile mumewe hakukohoa tena. Na Jumanne iliyofuata hakulia. Alikuja tu na kutandika kitambaa chini ya mkono wake, kama anavyotandika kwa wateja wake wa meno. Alimwambia atulie, maana akitulia haiumi. Zile nywele na pindo yule mdudu alijichukulia mwenyewe, akiwa anangoja.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Akavuta shuka hadi kidevuni.

"Nilimwambia mama."

Mama alimjibu kwamba ndoa ina mambo yake, kwamba mume mpole hapatikani kirahisi siku hizi, kwamba homa humfanya mtu aone vitu. Avumilie. Na asinishirikishe mimi, maana mimi nina mdomo na hasira za karibu. Mama yetu. Tena, akasema mdogo wangu, aliyasema hayo huku akitafuna karanga kwa meno ya yule yule bwana.

Nilimlaza. Nikamfunika mkono.

Nilirudi chumba cha kazi kwa nia ya kuchukua nyundo ya kupasulia plasta. Lakini nilipofika kwenye kioo nikasimama.

Buibui alikuwa amelala chali.

Juu ya kitanda chake cheupe, miguu yote minane imekunjika hewani. Tumbo linapanda na kushuka, kidogo sana. Ngozi ya kifuani ilikuwa imeanza kupasuka, na kupitia ule mpasuko kulikuwa kunaonekana kitu cheupe, kibichi.

Dirishani jua lilikuwa limebakiza ukingo mmoja mwekundu. Nje watu walikuwa wanaitana, mtu anaburuta ndoo, mlango unafungwa. Dunia ya kawaida kabisa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Shemeji.

Nilipokea.

"Amegeuka," akasema. Hakuwa anauliza. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelala chali na kuongea na dari. "Nimemsikia akigeuka. Shemeji, nyenje wametoka?"

Niliwatazama wale wawili. Mmoja alikuwa amesimama kwenye ukingo wa utando, anapapasa kwa vipembe vyake.

"Watoe," akasema. "Taratibu. Usitikise kioo. Nakuomba."

Nikamuuliza kama mke wake wa kwanza naye alimwomba. Alisema mimi sielewi, kwamba hakumtafuta huyo mdudu, aliachiwa na babu yake, naye babu aliachiwa na mtu. Alisema mdogo wangu alikubali mwenyewe, kwa hiari yake, na kwamba bado kidogo tu, Jumanne mbili au tatu, halafu angempumzisha. Aliyasema hayo kwa upole. Ule ule upole uliotufanya tumpende. Na hapo ndipo hasira iliponitulia, ikawa baridi, ikashuka hadi mikononi.

"Mgonjwa, supu," nikamwambia.

Nikafungua kikopo. Nikamimina nyenje wote.

Nikafunga mfuniko, nikaubana kwa taya la plasta lililokuwa karibu.

Kwanza walitawanyika. Walipanda kioo, wakaanguka, wakapanda tena. Halafu mmoja akakutana na ule mpasuko wa kifuani… akatulia. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Mguu mmoja wa buibui ukanyooka, ukatafuta kitu hewani, ukakunjika.

Ile harufu tamu ikajaa chumba kizima.

Ilianza sauti ndogo, kama mkasi unaopita kwenye hariri. Tsk… tsk… tsk. Simu ilikuwa bado sikioni. Nilimsikia shemeji akivuta pumzi, kisha akiishika. Kitanda chake kikalia. Hakupiga kelele. Alisema kitu kimoja tu, "Shemeji, ni laini," na sikujua anamsema nani.

Halafu kimya.

Nyenje wangu walikuwa wamenyamaza. Walikuwa wanakula.

Krr… krr… krr…

Sauti ilikuwa inatoka kwenye simu.

Sikukata. Nilisimama pale hadi milio ile ya nyenje ikanyamaza yenyewe, mmoja mmoja, kama watu wanaokaa mezani kula. Kutoka chumbani nikamsikia mdogo wangu akivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, kisha akaniita kwa sauti ya kawaida, akisema ana njaa.

Mhudumu wa nyumba ya wageni aliyofikia shemeji alimkuta asubuhi, amekufa. Ilibidi niende mimi, maana shemeji hakuwa na ndugu aliyejitokeza. Daktari aliandika ni moyo. Yule mhudumu, mama wa makamo, alinivuta pembeni penye kamba ya mashuka akaniambia kwamba watu wawili walimwinua wakakaribia kuanguka kinyumenyume. Walijiandaa kubeba mwanamume, wakabeba shati. Alisema dirisha lilikuwa limefungwa na chumba kilifagiliwa jana yake, hakujua nyenje wale wa kitandani walipita wapi. Akanipa nguo za marehemu kwenye mfuko.

Kifua cha shati kilikuwa na matundu. Mimi ni fundi, najua tundu la nondo, najua tundu la panya na la sigara. Yale siyajui.

Nyumbani kwake nililichoma sanduku lote pamoja na udongo wake. Ndani nilikuta ngozi tupu na miguu iliyotengana, na nyenje kumi na wawili tu kati ya thelathini, wote wamekufa, wakavu, ukigusa wanavunjika. Niliwahesabu mara mbili. Mfuniko ulikuwa bado umebanwa na taya.

Mama yetu alilia sana msibani. Watu walipotawanyika nikamfuata jikoni nikamuuliza mbele ya masufuria. Alisema alidhani ni mambo ya chumbani. Nikamwambia binti yako alikutajia mdudu, alikutajia siku, alikuonyesha mkono. Akakausha macho kwa ncha ya kanga, akasema yule alikuwa mtu mzuri kwake. Nikasubiri aseme jambo jingine. Akaanza kusugua sufuria. Tangu siku hiyo namsalimia, namnunulia dawa zake za presha, na sijakaa tena kwenye kiti cha nyumba ile. Watu wananiambia nisamehe, mama ni mama. Sawa. Wao mikono yao haina vitobo.

Mdogo wangu anakaa kwangu. Amenenepa, anacheka, anashona vifungo vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha, na wateja wanampenda. Mkono umebaki na alama nyeupe, anavaa mikono mirefu. Ukimwona hutajua.

Isipokuwa Jumanne.

Jumanne jua likizama, sindano yake inasimama. Anakunja mkono wa nguo hadi kwenye kiwiko, anaulaza mkono mezani, kiganja juu, anatulia. Macho yako wazi lakini hayapo. Nikimuuliza baadaye, hakumbuki. Mimi huwa namshika kiganja, namsimulia habari za wateja, yule wa gauni, yule asiyetaka kupimwa kiuno, hadi giza liingie na mkono ushuke. Nimekuwa nikifanya hivyo miezi sasa, na kila mara nimejaa hasira ambayo sina pa kuipeleka.

Jumanne iliyopita nilichelewa. Nilikuwa mlangoni na mteja. Nilipogeuka mkono ulikuwa umeshalala mezani, na ngozi yake ilikuwa inabonyea.

Hapa, karibu na kiganja. Kishimo kidogo.

Kisha hapa, mbele kidogo.

Kisha hapa…

Juu ya mkono hakukuwa na kitu. Ngozi tu, inabonyea na kuinuka, taratibu, kama mtu anayepapasa godoro kabla ya kulala.

Nilimfungia mteja mlango usoni. Nikaketi. Nikakunja mkono wa blauzi yangu, nikaulaza mkono wangu juu ya wake, kiganja juu. Niseme ukweli, hasira haikuniachia nafasi ya kuogopa.

"Huyu umeshamla vya kutosha," nikasema chini chini. "Njoo huku."

Mdogo wangu akapepesa macho. Akautoa mkono wake chini ya wangu, akashusha nguo, akaokota sindano na kuniuliza kama kesho kuna kazi nyingi.

Kulikuwa na kitu kiganjani kwangu. Chepesi, kama pamba. Hakikuuma. Kilikuwa kimetulia tu, kinasikiliza damu yangu inavyopita.

Kwa mkono wa pili, polepole, nikauchukua mkasi.